Bawa la Kushoto la Popo wa Belmont

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Alhamisi. Ancil Quamina amesimama karibu na kilele cha ngazi ndefu, ameshika ubavu mmoja wa waya kwa vidole viwili, kama anayempima mtoto homa. Chini, mwenzake wa kazi, Sookdeo, anavuta kamba inayopita kwenye kapi la darini. Popo wa waya, mwenye upana wa mita tatu na nusu kutoka ncha hadi ncha, anapanda taratibu katikati ya ukumbi.

"Kushoto kumelala. Nyanyua kidogo," anasema Ancil.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa popo, Sookdeo! Popo ana kushoto moja tu."

"Wewe umelala njaa? Tangu Jumatatu unanifokea kama mama mkwe."

Ancil anafunga ndoano, anaijaribu mara mbili, anaijaribu tena. Kisha anatazama saa ya ukutani. Wiki hii ameitazama sana saa hiyo.

Keshokutwa, Jumamosi jioni, jumba hili la sanaa la Port of Spain litafungua maonyesho ya kazi za maisha yote ya Una Lezama, mchongaji na mchoraji aliyezaliwa mtaa wa Belmont miaka themanini na mmoja iliyopita, akahamia ng'ambo mwaka 1974. Michoro imeshatundikwa. Sanamu za mwerezi zimeshapanguswa vumbi. Kuna kazi mia moja na kumi na nne kwa jumla, lakini sura ya maonyesho ni huyu popo, kazi yake ya kwanza ya waya. Yuko kwenye mabango ya barabarani, yuko kwenye tiketi, yuko kwenye jalada la kitabu cha maonyesho.

Saa nne kamili, Una Lezama mwenyewe atakuja kumtazama. Hajamwona popo wake kwa macho kwa zaidi ya miaka hamsini.

Na Ancil, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, mfanyakazi wa kutwa, mtundikaji wa picha na mbebaji wa masanduku, ana neno la kumwambia. Neno hilo hajawahi kumwambia mtu isipokuwa mkewe. Bawa la kushoto si la Una Lezama. Alilipinda Ancil mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa.

"Mwezi huu nimefungua kinywa mara nne nimwambie msimamizi," anasema. "Mara zote nne nikaishia kuuliza ngazi iko wapi."

Kuelewa jinsi kosa hilo lilivyotokea ni kuelewa kambi za mavazi ya Kanivali, zile karakana za kutengenezea mavazi ya gwaride la kila mwaka, jinsi zilivyokuwa. Fremu ya waya, mifupa ya vazi, ilikuwa na siku mbili za kuishi, Jumatatu na Jumanne. Kabla wiki haijaisha wanagenzi walikuwa wameshapewa koleo. Walifumua kila kitu, mfalme, malkia, joka, shetani, wakaugonga waya juu ya ubao hadi unyooke, wakauviringisha kwa unene wake, ukangoja mwaka ujao. Hakuna aliyelia. Aliyelilia fremu alichekwa mtaa mzima.

"Ukiingia kambini hupindi," anasema Ancil. "Unanyoosha. Mimi nilinyoosha miaka miwili kabla sijaruhusiwa kupinda hata sikio la paka."

Kambi ilikuwa ya mjomba wake, Cleveland Quamina, aliyesifika Belmont nzima kwa popo. Miaka ya sabini mwanzoni, Una Lezama, wakati huo mwalimu wa kuchora shuleni, alikuwa akija jioni kukaa kwenye pipa na kumtazama Cleveland akipinda. Mwishowe akaomba koleo. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, alimwachia Cleveland popo wake na kumwomba amtunzie. Cleveland akamtundika nyuma ya banda. Hakuweka kibao, hakuandika jina.

Mwaka 1983, wiki ile ya baada ya Kanivali, Cleveland alikwenda Arima kuzika rafiki yake. Waya ulikuwa adimu madukani mwaka huo. Ancil, akiwa na bidii ya kumfurahisha mjomba, alifagia hadi pembe za mwisho za banda akitafuta fremu zilizosahaulika.

"Angekuwa na kichwa cha malkia ningeuliza," anasema. "Lakini popo? Kwa mjomba popo walikuwa kama kuku. Nani anauliza kuku ni wa nani?"

Kwa alasiri moja alifumua bawa lote la kushoto. Kesho yake asubuhi, waya ule ulionyooshwa ukachukuliwa na mpindaji mwingine na kupelekwa kambi ya jirani, kulipia deni la waya la mwezi uliopita. Mjomba aliporudi, alimkuta popo ana bawa moja.

"Hakunipiga. Alikaa kwenye pipa akavua kofia. Nilitamani anipige."

Cleveland alisema maneno machache tu. Aliyelivunja ndiye atakayelirudisha. Ancil akapewa mabaki ya waya yaliyopatikana na wiki moja. Bawa la kulia lilikuwa na mbavu saba, kila moja imezungushwa na kufungwa mwisho wake, safi kama kikapu. Waya aliokuwa nao Ancil ulitosha mbavu tano. Mbili zilizobaki akazianza bila kuzimaliza, ncha zake akaziacha hewani zimejikunja kwa nje, kama vidole vya mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Mjomba aliangalia muda mrefu. Akasema 'Mh.' Akaenda kula."

Basi. Kambi ilipofungwa mwaka 1998, Cleveland alimkabidhi popo kwa jumba la sanaa. Miaka sita baadaye akafariki. Mavazi ya Kanivali yakageuka kuwa shanga na manyoya yanayokuja yamefungwa kwenye maboksi kutoka nje, na wapindaji wa waya wakatafuta kazi nyingine. Ancil alilinda ghala, akahamisha samani, akapaka rangi nyumba za watu. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliitwa hapa kubeba sanduku moja, akabaki.

Analipwa dola mia mbili na themanini za Trinidad kwa siku, siku anayoitwa. Kuna miezi anaitwa siku ishirini, na kuna miezi anaitwa siku tisa. Mkewe, Joycelyn, huuza mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi nje ya shule, na ndiye anayeziba miezi ya siku tisa. Lakini Jumatatu ijayo bodi ya jumba inakaa. Arlene Pouchet, msimamizi wa maonyesho, amepeleka jina la Ancil ili aajiriwe moja kwa moja, kazi ya kutunza na kutundika sanaa, yenye bima ya matibabu na likizo.

"Magoti yangu yanaijua hiyo bima kwa jina," anasema.

Ni Arlene huyohuyo aliyeandika kitabu cha maonyesho. Ndani yake kuna kurasa tatu kuhusu bawa la kushoto peke yake. Anaeleza kwamba hapo, mwaka 1974, Una Lezama aligundua mstari usiofungwa, mtindo uliokuja kumpa jina duniani. Kisha, kwa sababu zisizojulikana, akauacha, akaurudia mwaka 1986. Kwa nini aliuacha miaka kumi na miwili? Arlene analiita hilo fumbo kubwa la maisha ya msanii huyu.

Ancil alizisoma kurasa hizo wakati akishusha maboksi ya vitabu kutoka kwenye gari. "Nilianza kusoma nimesimama," anasema. "Nikamaliza nimekaa chini."

Leo asubuhi, wakinywa chai, Joycelyn alimtazama hajagusa mkate.

"Utamwambia, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia."

"Wiki ya tatu hiyo. Mimi nina aproni safi, naweza kwenda sasa hivi."

"Joycelyn, nikisema, Jumatatu imekwenda. Nani atamkabidhi sanaa mtu aliyefumua sanaa?"

"Na usiposema, utakaa chini ya lile bawa miaka mingapi? Umekonda, Ancil. Hata mbwa wa jirani amekuonea huruma, hakubwekei tena."

Mpango wake ulikuwa huu: amsubiri mgeni aketi, anywe maji, apumzike, kisha aombe kuongea naye pembeni.

Saa tatu na dakika arobaini, gari linasimama nje. Una Lezama amekuja kabla ya wakati.

"Shuka!" Sookdeo ananong'ona kwa nguvu. "Au unataka asalimiane na soli zako?"

Anaingia akiwa na fimbo, kofia ya kahawia na viatu vya kiume vilivyopasuka pembeni. Arlene yuko ubavuni kwake akieleza mpangilio wa vyumba. Una hamsikilizi. Amesimama chini ya popo, uso juu, na anaanza na bawa la kulia, ubavu baada ya ubavu, midomo ikicheza kama anayehesabu.

Ancil ameshuka ngazi. Anaona kwamba atakapomaliza la kulia atageukia la kushoto. Mpango wote unamtoka kichwani.

"Tanti Una," anasema, kama watoto wa Belmont wanavyowaita shangazi zao. "Mimi ni mpwa wa Cleveland Quamina."

Una anamtazama. "Yule mtoto aliyekuwa analala kwenye gunia la pamba? Mbona umezeeka kuliko mimi?"

Sookdeo anacheka. Ancil hawezi.

"Tanti, bawa la kushoto si lako. Nililifumua mimi. Nilidhani ni fremu ya zamani. Nikalipinda upya mimi mwenyewe. Mjomba alikuficha, na mimi nimewaficha wote."

Arlene amelikumbatia faili lake kifuani.

"Ancil, unasema nini?" anauliza. "Ancil, si sasa hivi, tafadhali."

"Mshusheni," anasema Una.

"Bibi, tumempandisha sasa hivi tu," anasema Sookdeo.

"Basi njia mnaijua."

Wanamshusha. Una anamkabidhi Arlene fimbo, anavaa miwani, na kuweka vidole kwenye maungio. Vidole vyake vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, lakini vinatembea bila kusita. Yeye ni wa mkono wa kushoto, anaeleza bila kuinua uso, kwa hiyo uzi wa shaba anaofungia maungio huzunguka kuelekea upande mmoja. Anagusa fundo la kulia. Anagusa la kushoto. Linazunguka kinyume. La pili, kinyume. La tatu.

"Kurasa tatu," anamwambia Arlene kwa sauti ya chini, "na hakuna aliyetazama mafundo."

Kisha anamgeukia Ancil. "Lini?"

"Themanini na tatu. Baada ya Kanivali."

Anapapasa nyuma yake, na Sookdeo anawahi kumsogezea kiti. Anakaa.

"Cleveland alinitumia picha," anasema hatimaye. "Themanini na nne. Popo huyu, banda lile. Nyuma aliandika: bado anakungoja. Wakati huo nilikuwa nimekwama. Miaka kumi nachonga vitu vizuri vizuri, wanavinunua watu nisiowapenda. Nikaitazama ile picha. Nikaliona bawa hili. Nikajiambia, Una, ulikuwa jasiri hivi ukiwa na miaka thelathini na mmoja, umekuwaje? Nikaona aibu. Nikaanza upya, namwiga yule msichana."

Anavua miwani.

"Kumbe hakukuwa na msichana."

Ancil anasema alitegemea kufokewa. Alikuwa ameshajiandaa, hata maneno ya kuomba radhi alikuwa ameyapanga njiani. Hakuwa amejiandaa kumwona mwanamke huyu akiogopa.

Arlene ndiye wa kwanza kupata sauti. Vitabu mia nane vimeshachapwa, anasema. Wageni wameshaalikwa. Pengine ingefaa jambo hili lingoje hadi maonyesho yaishe, kisha litafitiwe kwa utulivu.

"Unajua umenifanya nini?" Una anamuuliza Ancil.

"Najua, Tanti."

"Hujui. Niacheni naye." Anaelekeza kidevu kwa popo. "Saa moja."

Ancil na Sookdeo wanakwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na mapipa ya takataka. Mvua nyepesi inaanza na kukoma.

"Miaka kumi na mmoja nakushikia ngazi," anasema Sookdeo. "Kumbe namshikia msanii."

"Nyamaza."

"Nyamaza mwenyewe. Jumatatu utakuwa unapanga foleni kwa mkeo ununue mkate kama sisi wengine."

Ancil anafunika uso kwa viganja. Sookdeo anamtazama kwa pembe ya jicho, anafungua karatasi yenye chapati yake ya viazi, anaikata katikati na kumwekea nusu gotini. Wanakaa hivyo. Ancil haili, lakini haiachi ianguke.

Baadaye anasimulia kwamba saa hiyo moja ilikuwa ndefu kuliko wiki ile ya mwaka 1983. Alikuwa akiwaza kwamba Una angeweza kuamua kulifukia jambo. Ukimtoa Joycelyn, watu wanne tu walilijua. Na kama angemwomba anyamaze, yeye Ancil angejibu nini? Alikuwa amejikaza miaka arobaini na zaidi ili aseme mara moja. Hakujua kama angeweza kukataa kunyamaza mara ya pili.

Arlene anawaita. Una yuko palepale kwenye kiti.

"Swali moja," anasema. "Hizi ncha. Kwa nini uliziacha wazi?"

Ancil anakiri kwamba hapo shetani alimpitia. Kulikuwa na majibu mazuri, mengine yalikuwa kwenye kitabu, yameshaandikwa kwa lugha safi.

"Waya uliisha, Tanti."

Una anamkazia macho. Kisha anaanza kucheka, kicheko cha kifuani, anacheka hadi anakohoa na Arlene anakimbilia maji.

"Ningekuwa wewe ningedanganya," anasema akipangusa macho. "Mpandisheni popo. Na wewe, binti, chukua kalamu." Arlene anachukua. "Chapisha karatasi, iwekwe ndani ya kila kitabu. Bawa la kulia, Una Lezama, 1974. Bawa la kushoto, Ancil Quamina, 1983. Picha ile ninayo, nitaileta itundikwe pembeni. Na usifute kurasa zako. Ziko sawa zote. Umekosea mtu tu."

Laiti mambo yangeishia hapo. Hadi Ijumaa mchana, karatasi hiyo ilikuwa bado haijakwenda kiwandani kuchapwa kwa sababu mjumbe mmoja wa bodi alikuwa amepiga simu kuuliza kama ni busara. Mwingine aliuliza jambo lingine, lile aliloliogopa Ancil: inakuwaje aliyeharibu kazi apewe kazi ya kuzitunza?

Arlene hafichi wasiwasi wake. "Jina lake sijaliondoa," anasema. "Nitamtetea Jumatatu. Lakini nikikuambia najua watakavyoamua, nitakuwa nadanganya."

Una Lezama naye, kwenye veranda ya nyumba ya binamu yake, anasema hakulala vizuri. Jumamosi atasimama mbele ya watu aseme mwenyewe, karatasi iwepo isiwepo. "Naogopa," anasema. "Mtu wa miaka themanini na mmoja hafurahii kugundua kwamba mwalimu wake alikuwa kijana wa kunyoosha waya. Lakini andika. Andika vilevile nilivyosema."

Kabla hawajaagana Alhamisi, alimuuliza Ancil amepinda nini kingine tangu lile bawa. Ancil alimjibu kwamba amepinda majoka, mabaharia, mashetani, miaka kumi na tano, hadi kambi ilipofungwa. Vyote vilifungwa vizuri. Hakuna hata ncha moja iliyobaki wazi. Tangu hapo hajashika waya.

Jibu hilo linamsumbua kuliko bodi. Kitabu kinasema bawa lile ni kazi ya mtu mwenye kipaji. Yeye anakumbuka tu kijana mwenye woga na waya usiotosha.

"Nataka kujua," anasema. "Lilikuwa langu, au lilikuwa bahati? Sitajua mpaka nipinde tena."

Ijumaa jioni amenunua bunda la waya na koleo jipya. Joycelyn amehamisha majiko yake na kumwachia veranda, huku akilalamika kwamba sasa ana wasanii wawili wa kulisha, mume na popo. Ancil ataanza Jumapili asubuhi, siku moja baada ya ufunguzi na siku moja kabla ya bodi. Anasema siku hiyo ameichagua kwa makusudi.

"Nikingoja Jumatatu, wakinikubali nitapinda kwa furaha, wakinikataa nitapinda kwa hasira," anasema, akijaribu koleo hewani, kufungua na kufunga. "Nataka nianze nikiwa bado naogopa."